Miaka ya Ajuza

Ijumaa hiyo Baba Chiriku alirudi kutoka kazini jua likiwa bado juu, akavua viatu vyake vya kazi mlangoni, akavigonganisha soli kutoa vumbi, akavipanga juu ya gazeti kama kawaida yake. Mama yake alikuwa ameketi barazani akichambua maharage. Aliinua macho, akaona mzee mwenye mvi ameinama mlangoni, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Baba Chiriku, maana alikuwa amechoka na neno lilimtoka lenyewe.

Mama alikuwa amemzaa kijana huyu miaka thelathini na tisa iliyopita, kwa uchungu wa siku mbili, na sasa amempa shikamoo. Alitupa jiwe dogo uani, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nisamehe, mwanangu. Ni macho yangu haya."

"Macho yako mazima, mama. Maharage yana mawe?"

"Si mengi."

Mkewe, Mama Chiriku, alisikia yote kutoka ndani. Alitoka, akamtazama. Asubuhi mumewe alikuwa ameondoka na mvi za panjani tu, sasa kichwa kizima kilikuwa cheupe. Mfukoni mwa shati alikuwa na meno mawili aliyoyafunga kwenye karatasi laini, kwa kuwa hakuona vyema kuyatupa kazini.

"Miaka mingapi leo?" aliuliza.

"Kama saba hivi. Ufa ulikuwa mkubwa."

Mama Chiriku aliyachukua meno, akayaweka kwenye bilauri kabatini, akaenda kumpashia maji ya kuoga. Alipokuwa peke yake jikoni alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka maji yakachemka. Aliogopa. Alikuwa na mume mmoja, na mume huyo alikuwa anaisha machoni pake.

Basi, kampuni yao ilikuwa na ndege moja kubwa, nayo mafundi waliiita Ajuza. Ilinunuliwa ikiwa imetumika, kwa watu walioinunua ikiwa imetumika, na jua likipiga ubavuni ungeona chini ya rangi majina ya wenyewe wa zamani yamepandana kama nguo za mtu mwenye baridi. Wenzake wa rika lake walishakatwakatwa siku nyingi wakawa masufuria. Yeye alikuwa angali anaruka, kwenda asubuhi na kurudi jioni, na abiria walilalamika tu kwamba chai ni ya moto sana.

Hangani, kwenye banda la kutengenezea ndege, kulikuwa na desturi. Fundi anayemaliza kazi wa mwisho, ambaye kwa kawaida ni fundi mkuu, huweka kiganja kitupu kwenye tumbo la ndege, nyuma kidogo ya magurudumu, na kusema, "Haya, nenda urudi." Mwanzilishi wake alikuwa fundi mkuu wa zamani aliyeitwa Nati. Kwa miaka mingi lilikuwa jambo la mazoea tu. Kisha kiwanda kilichomtengeneza Ajuza kikaacha kutengeneza vipuri vyake, vikabaki vya kuokoteza kwa madalali, na madalali unawajua. Siku moja Nati alipoweka kiganja, ufa wa urefu wa kidole uliokuwa karibu na mlango ulifunga mdomo. Ribiti zinazoshikilia bati zikajikaza zenyewe, tik, tik, tik, mpaka mkiani. Nati aliondoa mkono, akajaribu kusoma saa yake, akaona haisomeki. Akaenda kununua miwani.

Hakuna aliyelishangaa. Kazi zinazeesha, watu walisema. Nati alikufa kwa uzee akiwa na miaka arobaini na minne, na mazishini Mkurugenzi alimsifu kuwa alijitoa kwa moyo wote, ambayo ilikuwa kweli tupu. Cheo kikaenda kwa Baba Chiriku. Nyumbani walikifurahia, wakanunua kabati.

Mama Chiriku naye alifanya kazi humo humo, kwenye chumba cha ushonaji ubavuni mwa hanga. Alishona vitambaa vya viti, mifuko ya majarida, na mapazia yale ya kutenganisha wenye pesa na wengine. Alimjua Ajuza kwa ndani jinsi mumewe alivyomjua kwa nje. Jumatatu ile aliacha cherehani, akavua mkanda wa kupimia shingoni, akapanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwenye adabu. Alisimama, akamvutia kiti, akamwuliza habari za mtoto. Juu ya meza yake kulikuwa na ndege ndogo ya plastiki, mfano wa ndege mpya ambayo kampuni ilisema itaichukua mwakani. Ilikuwa inasemwa hivyo kila mwaka.

"Bosi, mume wangu anakwisha," alisema Mama Chiriku. "Naomba mumstaafishe Ajuza. Au mlete hiyo ndege mpya sasa."

Mkurugenzi alikubali kwa kichwa, taratibu. "Nakuelewa, mama. Lakini hebu nikueleze kama dada yangu. Ndege mpya unailipia hata ikilala. Mvua inyeshe, abiria wasije, wewe unalipa tu, kila mwezi, kwa watu ambao hata hujawahi kuwaona. Ajuza alishalipiwa zamani. Anakunywa mafuta, sikatai, anakunywa kama mlevi wa harusini. Lakini hanidai. Kilichokuwa kinatutoa roho ni vipuri na matengenezo, na hilo mume wako ametuondolea."

"Amewaondolea kwa miaka yake."

"Kila mfanyakazi anatoa miaka yake, mama. Mimi mwenyewe nimetoa ishirini hapa."

"Wewe ulitoa mmoja mmoja, bosi."

Mkurugenzi alifikiri. "Hilo ni kweli," alisema. "Avumilie kidogo tu. Ndege mpya ipo njiani."

Kesho yake ofisi ilileta hangani kiti chenye mto, ili fundi mkuu awe anapumzika. Mto ulikuwa umechanika. Wakampa Mama Chiriku aushone.

Aliushona. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa akishika tama, alichukua ngozi nzito iliyobaki kwenye viti vya daraja la kwanza, akakata, akashona jozi ya glavu, pamba katikati, uzi mara tatu. Alimvisha mumewe kwa mkono wake mwenyewe. "Kuanzia leo unamgusa na hizi," alisema. "Ukivua, umenivua na mimi."

"Makubwa," alisema Baba Chiriku. "Naonekana kama nakwenda kupigana ngumi."

Lakini alivaa. Jioni hiyo alirudi nyumbani na umri ule ule aliotoka nao, na mkewe akacheka mpaka machozi, akamkumbatia mbele ya mama mkwe bila kujali.

Asubuhi ufa ukaonekana karibu na mlango, pale pale pa zamani. Mchana ukatokea mwingine chini ya bawa. Kutu ikaanza kumtoka Ajuza kwenye maungio, ya rangi ya chai, ikidondoka sakafuni. Safari zikafutwa wiki ile na iliyofuata. Mwisho wa mwezi mshahara haukuja.

Mrefu, fundi mwenza wa Baba Chiriku, alikuja nyumbani jioni moja. Alikuwa mtu mwema, tena aliyesimamia harusi yao. Alikaa na kofia magotini.

"Shemeji," alisema, "glavu zako zinatula."

"Basi weka kiganja chako wewe."

Mrefu aliviangalia viganja vyake. "Mimi nina watoto wanne, shemeji."

"Na yeye ana mmoja. Ndiyo maana mmemwona rahisi?"

Mrefu alimaliza chai yake, akashukuru, akaondoka. Mama Chiriku alijuta kumjibu hivyo, kwa sababu mke wa Mrefu alikuwa ameanza kuuza vyombo vyake vya ndani, na wote mtaani walikuwa wamemwona akipita na meza kichwani.

Wiki ya tatu Mkurugenzi akapata njia. Alimleta mkaguzi kutoka nje, bwana mmoja nadhifu ambaye hakupanda ngazi hata moja. Alimzunguka Ajuza mara moja akiongea na simu, akaweka sahihi kwamba ndege ni nzima, akaomba apelekwe hotelini. Abiria wakapigiwa simu waje.

Kutoka dirisha la chumba cha ushonaji Mama Chiriku aliwaona wakipanda. Walikuwemo wanawake wenye vichanga, wanafunzi, mzee wa kiti cha magurudumu, na wanakwaya waliovaa sare za njano, wakisukumana kupiga picha kwenye ngazi. Chini ya tumbo alisimama mumewe. Ufa ulikuwa umefika mahali ambapo kijiko kingeingia. Alimwona akimwendea Mkurugenzi, aliyekuwa amekuja kuwaaga abiria.

"Hii hairuki, bosi."

"Karatasi inasema inaruka," alisema Mkurugenzi, kwa upole. "Lakini kama una wasiwasi, fundi, unajua la kufanya."

Baba Chiriku akarudi chini ya tumbo, akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. Mama Chiriku alitupa mkasi, akatoka mbio.

"Usifanye hivyo, Baba Chiriku! Ufa ule utakumaliza leo leo!"

"Wako zaidi ya mia humo ndani."

"Na mimi je? Na mtoto?"

"Sasa nifanyeje?" Alikuwa analia, na yeye si mtu wa kulia. "Niambie, mke wangu. Niambie nifanyeje, nami nitafanya."

Mama Chiriku alitafuta la kumwambia. Alijua tu kwamba hawezi kumzika mtu huyu. Mumewe alipoinua mkono, naye akauinua wake, akauweka kando ya ule, kiganja kitupu kwenye bati.

Haikuuma. Ilikuwa kama kusimama ghafla baada ya kuchuchumaa muda mrefu, kisha baridi ikapita magotini. Ufa ukafunga. Wakajikuta wameketi chini, wameegemea gurudumu. Mumewe alikuwa hai. Alikuwa amechukua nusu ya miaka, na nusu nyingine ilikuwa imemkaa Mama Chiriku. Aligusa shingo yake, akaipata imelegea. Alikuwa na miaka thelathini na mbili alfajiri ya siku hiyo na alikuwa ametaka mtoto wa pili. Hilo nalo lilikwisha hapo, alilijua mwilini bila kuambiwa.

Ajuza aliruka, akatua salama, na wanakwaya wakapiga makofi.

Nyumbani mama mkwe aliwapokea wote wawili mlangoni, akawashika mikono kuwavusha kizingiti. "Walau mmelingana," alisema, akaenda kusonga ugali, kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyekuwa kijana wa nyumba.

Mtoto wao alikuwa wa miaka sita, na jina lile la Chiriku alipewa kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Alimzunguka mama yake.

"Mama, umekuwa bibi?"

"Kidogo."

"Utarudi?"

"Kula, mwanangu."

Tangu hapo wakawa wanagawana. Mama Chiriku alipiga hesabu yake kichwani usiku na mchana: ufa ukiwa mdogo, wakigawana, labda watafika mwakani. Mwakani ndege mpya itakuja. Hawakuhitaji kingine, ila kufika hapo wakiwa hai. Mtoto angebaki na wazazi, vikongwe ndiyo, lakini wazazi.

Jumamosi moja mama mkwe alikwenda msibani, na Chiriku hakuwa na wa kubaki naye. Mama Chiriku akamchukua kazini. Alimkalisha chumba cha ushonaji juu ya rundo la sponji, akampa kopo la vifungo, akamwambia akitoka tu atakiona. Kisha Baba Chiriku akamwita, maana kulikuwa na ufa kwenye shina la bawa, na wazee wawili wale wakaenda polepole, wameshikana mikono, hadi chini ya tumbo.

Waliweka viganja, wakafumba macho kama walivyozoea.

Chiriku angeweza kuvumilia kila kitu isipokuwa ukimya. Alitoka, akawaona baba na mama wamesimama vile, akadhani ni mchezo aliofichwa. Mkono wake haukufika kwenye tumbo la ndege. Akavuta sanduku la spana, akapanda, akaweka kiganja chake katikati ya viganja vyao.

"Haya, nenda urudi!" alisema.

Wazazi walisubiri baridi ya magotini, haikuja. Hapo ndipo walipojua kuwa safari hii Ajuza hakuchukua kwao. Walifumbua macho. Ajuza alikuwa anang'aa ubavu mzima, majina yote ya zamani yamefutika, na kutoka ndani ilikuja harufu ya plastiki mpya. Juu ya sanduku la spana alisimama msichana wa miaka kumi na moja hivi, mwembamba, vifungo vya gauni vimekatika mgongoni, na mapengo ya mbele yamejaa meno ya kikubwa.

"Mama," alisema, "viatu vinanibana."

Baba Chiriku alimshusha, akamvua viatu. Mama Chiriku aliurudia ubavu wa Ajuza, akabandika viganja vyote viwili, na paji la uso, na shavu.

"Mrudishie," alisema. "Chukua yangu yote, umrudishie yake. Chukua, nakwambia!"

Alimpiga kofi. Alimsihi, alimtukana kwa matusi ambayo mumewe hakujua kama anayajua, akamsihi tena. Alisimama hapo mpaka taa za hanga zikawashwa na wenzake wakamtoa kwa kumbeba. Ajuza alikuwa mzima kabisa, hakuhitaji kitu.

Jumatatu Mkurugenzi alimzunguka Ajuza mara tatu, akapitisha kidole kwenye bati, akakinusa. Rubani alikuwa ameuliza kama ndege imebadilishwa. Mkurugenzi akawakusanya wafanyakazi wote, akasema kwamba uongozi umelitafakari suala la ndege mpya na kuona kwa sasa hakuna haja. Badala yake uongozi umefikiria ustawi wa wafanyakazi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi itakuwa siku ya familia, hapa hapa hangani. Kutakuwa na juisi na maputo, na watoto watapiga picha na rubani.

Mrefu aliangalia sakafu muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

"Kuanzia umri gani, bosi?"

"Wote wanakaribishwa," alisema Mkurugenzi.

Jioni hiyo Mama Chiriku alikuwa nyumbani akifumua pindo la sketi ya shule. Alilishusha lote, likaishia kwenye goti, akaanza kuunga kitambaa chini. Mumewe alikuwa amelala kwenye kochi na redio kifuani. Mama mkwe alikuwa anapanga vyombo kabatini. Chiriku alikaa sakafuni na miguu yake mirefu mipya, hajui aiweke wapi, na daftari la darasa la kwanza mapajani. Alikuwa angali anasoma kwa kuunganisha silabi.

"Mama," alisema, "nilipokuwa na miaka saba nilikuwaje?"

Sindano ilisimama. "Ulikuwa mtundu," alisema Mama Chiriku. "Ulikuwa hushikiki. Ulijifunza kupiga mluzi."

Chiriku akajaribu, ukatoka upepo mtupu. "Nimesahau. Na minane?"

"Uliugua homa, tukakesha na wewe. Ulipopona uliomba chapati."

"Na tisa?"

Mama Chiriku alimtazama mama mkwe kwa kumwomba msaada.

"Ulipokuwa na tisa ulinivunjia kikombe changu," alisema mama mkwe.

"Kikombe gani, bibi?"

Mama mkwe alitoa kabatini kikombe chake cha maua, kile alichopewa siku alipoolewa, akakiangalia, akakiachia sakafuni. Akainama, akaokota kipande chenye mkono, akampa mtoto.

"Hiki hapa."

Chiriku alikigeuza geuza kipande, na machozi yakamlenga.

"Samahani, bibi. Sikukusudia."

"Usilie, mjukuu wangu," alisema mama mkwe, akichukua ufagio. "Ni zamani hiyo. Tulishasahau."